Nimefanyiwa tezi dume kwa leza, wiki ya 4 damu imerudi na mkojo unavuja. Je, operesheni imefeli?

"Daktari habari za kazi. Mimi ni mzee wa miaka 69, mkulima wa machungwa huku Muheza. Nimesumbuliwa na tezi dume miaka 6, mwaka huu mkojo ukaziba kabisa nikakaa na mpira miezi 2. Mwanangu akanipeleka India nikafanyiwa kwa leza, karatasi imeandikwa HoLEP, tezi ilikuwa gramu 110 wakatoa gramu 78, majibu ya nyama yakasema hakuna kansa. Mpira walitoa siku ya 2, mkojo ukatoka kama wa kijana. Siku ya 12 nikarudi nyumbani. Siku ya 16 nikabeba ndoo ya maji toka kisimani, usiku damu ikarudi, baadaye ikapungua ila leo siku ya 24 bado naona rangi asubuhi. Nikikohoa au nikiinuka mkojo unadondoka, navaa pampasi, msikitini naona aibu. Maabara ya huku wakasema nina UTI kali, nimechoma sindano siku 5 sijaona tofauti. Juzi nimekutana na mama watoto, raha nimeisikia ila hakuna kilichotoka. Jirani anasema mionzi ya leza ndo inaleta kansa na nguvu zimeshaisha, bora ningepasuliwa. Je operesheni imefeli? Halafu mdogo wangu wa miaka 61 kaambiwa ana tezi dume gramu 45, anataka kuuza shamba aende hukohuko. Nimshauri nini?"

Mzee wangu shikamoo, na pole sana, maana umepita mengi mwaka huu na sasa hivi uko mbali na waliokufanyia, hujui umuulize nani. Kwa haya uliyoyaeleza mimi sioni operesheni iliyofeli, naona kidonda cha wiki tatu na nusu ambacho kiko ndani hukioni, na karibu kila kinachokutisha hapo kinatoka kwenye hicho kidonda. Ila ile ndoo ilikuwa kosa na zile sindano nina wasiwasi hukuzihitaji, nitafika huko.

Kwanza niweke sawa neno moja maana linawasumbua watu wengi sana. Sisi tunasema "fulani ana tezi dume" kama vile ni jina la ugonjwa, kumbe tezi dume kila mwanaume anayo tangu anazaliwa, ndiyo inayotengeneza sehemu ya maji ya manii. Ugonjwa wako ni kwamba imevimba, imekua kupita kiasi. Kwa kijana ina kama gramu 20 hivi, ukubwa wa ndimu ndogo, imekaa chini ya kibofu na mrija wa mkojo unapita katikati yake. Umri ukienda, sehemu ya ndani inayouzunguka ule mrija inaanza kunenepa kwa kusukumwa na homoni za kiume, mrija unabanwa, na kibofu kinalazimika kusukuma kwa nguvu miaka na miaka mpaka kinachoka, ndo hapo mkojo unaziba. Hiyo siyo kansa wala haigeuki kuwa kansa, ni vitu viwili tofauti vinavyoweza kumkuta mzee mmoja.

Sasa wewe ni mtu wa Muheza kwahiyo nitakueleza kwa chungwa. Chukua chungwa lililoiva, toboa juu kidogo, ingiza kidole katikati ya nyama na ganda, zungusha taratibu mpaka nyama yote iachie, itoe, ganda libaki zima. Hicho ndicho walichokufanyia. Wameingia na kifaa chembamba chenye kamera kupitia njia ya mkojo, hawajakuchana popote, ndani ya kifaa kuna uzi wa kioo mwembamba kama nusu milimita unaopitisha mwanga wa leza, wakaufuata ule mpaka wa nyama na ganda wakaibandua nyama yote, wakaisukuma ndani ya kibofu, halafu kikaingia kimashine cha kuikata vipande na kuvinyonya nje. Zile gramu 78 ndo hiyo nyama. Na kwa kuwa nyama ilitoka, iliweza kupelekwa kupimwa ndo ukapata majibu kwamba haina kansa, kuna leza nyingine ambazo zinaigeuza nyama kuwa mvuke na hapo hakuna cha kupima. Njia hii siyo majaribio mapya, ilianzia New Zealand, mji wa Tauranga, miaka ya 1990 na daktari Peter Gilling na wenzake, imeshafanywa kwa wanaume wengi mno duniani.

Kilichobaki kwako ni ganda, na upande wa ndani wa hilo ganda kwa sasa ni kidonda kibichi mzunguko mzima. Mkojo unapita juu yake mchana na usiku. Ngozi mpya ya ndani inahitaji kama wiki 6 mpaka 12 kukifunika chote, na kwa tezi kubwa kama yako kidonda nacho ni kikubwa. Naomba hili ulishike maana mengine yote nitakayosema yanarudi hapo.

Damu. Kidonda chochote kinaweka gamba, na gamba linabanduka. Kwa operesheni hii magamba yanaanza kubanduka kama wiki ya pili mpaka ya nne, ndiyo maana mtu anakaa siku kadhaa mkojo safi kabisa halafu ghafla damu inarudi anadhani mambo yameharibika. Kwako ukaongeza ndoo ya lita 20, ambayo ni kilo 20, ukijikaza kuinyanyua presha yote ya tumbo inashuka kwenye kidonda, gamba linang'oka kabla ya wakati wake. Choo kigumu kinafanya hivyohivyo, na bodaboda kwenye barabara ya mashimo ndo usiseme. Kwahiyo mpaka wiki ya 6 iishe hakuna kubeba kitu kinachozidi kilo 5 hivi, hakuna jembe, hakuna kupanda mchungwa, hakuna bodaboda wala baiskeli. Kutembea kwa miguu ruksa tena ni vizuri. Kula papai, mboga za majani, maharage, choo kiwe laini, na usikae chooni ukajikamua. Maji kunywa kama lita 2 kwa siku yagawe tangu asubuhi, punguza kuanzia saa 1 jioni ili ulale.

Rangi ndiyo itakuongoza. Mkojo ukiwa wa pinki au kama juisi ya choya iliyozimuliwa sana, kunywa maji, pumzika, kesho utaona umeanza kusafika. Hiyo rangi ya asubuhi unayoiona leo iko kwenye kundi hili, usiku hunywi maji kwahiyo kidogo kilichochuruzika kinaonekana. Ila ukiwa mzito kama nyanya ya kopo na hausafiki hata ukinywa maji, au yanatoka mabonge ya damu, hiyo ni hospitali. Kama kuna dawa ya moyo au ya kulainisha damu unayotumia kama aspirini au clopidogrel hukuitaja, usiiache wala usiirudishe kwa uamuzi wako, muulize daktari aliyekuandikia. Na diclofenac za dukani kwa ajili ya mgongo achana nazo kwa sasa, paracetamol inatosha.

Sindano hizi zimeniuma mimi kusoma. Mzee, mtu aliyetoka operesheni hii akipimwa mkojo kwa kijiti au kwa darubini, wiki nyingi baadaye bado utaonekana una chembe nyeupe na nyekundu, kwasababu kuna kidonda, siyo lazima kuna bakteria. Anayepima bila kujua habari ya operesheni anaandika UTI kali, wiki ijayo anarudia anakuta zilezile, inaitwa UTI sugu, sindano zinabadilishwa na hela inaisha. Kuwashwa kidogo wakati wa kukojoa nako ni kwa kawaida kwenye wiki hizi. Kipimo cha kuamini ni kuotesha mkojo maabara, kinachukua kama siku 2 au 3, kinakwambia kama kuna mdudu na dawa gani inamuua. Kama huna homa, huna baridi ya kutetemeka, mkojo haunuki vibaya, usikubali sindano nyingine kabla ya kuotesha. Na kila unapokwenda popote beba ile karatasi ya India, isiwe ya kukaa kabatini.

Sasa kuvuja, ambako najua ndo kunakuumiza moyo zaidi ya damu. Njia ya mkojo ina koki mbili. Ya juu iko mlangoni mwa kibofu, na ya chini iko chini ya tezi, ni msuli unaouamuru mwenyewe. Miaka yote 6 ile nyama ilikuwa kama kizibo, koki ya chini haikuwa na kazi kubwa ikalegea, ni kama mkono uliokaa kwenye plasta. Leo kizibo kimetolewa, ya juu imeguswa kwenye operesheni, ya chini imeachiwa kazi peke yake tena imevutwavutwa na kile kifaa siku ile. Kwahiyo ukikohoa, ukiinuka, ukipiga chafya, tone linaponyoka. Kwa tezi kubwa kuvuja kunatokea zaidi, na wengi wanakauka ndani ya miezi 3, wengine inafika 6, wanaobaki wanavuja moja kwa moja ni wachache sana.

Lakini msuli unataka mazoezi, hauji wenyewe. Fanya hivi. Kaza kama unavyozuia upepo usitoke mbele za watu, ule mkazo wa kuvuta ndani na juu, bila kukaza tumbo, bila kubana makalio, bila kuzuia pumzi. Hesabu mpaka 5, achia, pumzika hesabu 5, rudia mara 10. Mizunguko mitatu kwa siku, ukiwa umelala, umekaa, umesimama. Usifanyie kwenye mkojo wenyewe kwa kuukatakata. Halafu jizoeze kukaza sekunde moja kabla ya lile jambo linalokuvujisha, yaani unakaza kwanza ndo unakohoa, unakaza kwanza ndo unainuka. Kwenye swala wengi wananiambia panapowaponyoka ni pale wanapotoka sijida kusimama, basi kaza ukiwa bado chini halafu inuka taratibu. Kuinama kwenyewe hakudhuru kidonda. Na kuhusu udhu muone sheikh wako umweleze wazi, dini imeweka nafuu kwa mwenye udhuru wa mkojo usiokatika, hutakuwa wa kwanza kumuuliza. Pampasi hata pedi ndogo vaa bila aibu, ni ya muda.

Kuna na ule mkojo wa haraka, unabanwa ghafla hufiki chooni, hujauandika lakini wengi wanaupata. Huo hautoki kwenye koki, unatoka kwenye kibofu chenyewe, kimepigana na ukuta miaka 6 nyama yake imekuwa nene na kali, ukuta umeondolewa lakini chenyewe bado kinasukuma kwa mazoea. Kinachukua miezi kutulia. Punguza chai ya rangi, kahawa na soda. Ukizidi zipo dawa, ila ziandikwe na mtu aliyekupima kwanza kama kibofu kinamaliza mkojo.

Haya tuje kwa mama. Ulichokiona kinaitwa kumwaga kwa ndani. Ile koki ya juu kazi yake nyingine ni kufunga mlango wa kibofu wakati wa mshindo ili manii yaende mbele, ikishafunguliwa kwenye operesheni manii yanafuata njia rahisi yanarudi kibofuni, kesho asubuhi unayakojoa. Hayadhuru kitu. Raha unaisikia, kama ulivyosema mwenyewe, ila ni kavu. Kwa operesheni hii inatokea kwa walio wengi, na mara nyingi ni ya kudumu, na nasikitika kama hawakukueleza hili kabla hujasaini maana mtu ana haki ya kulijua. Nguvu za kusimama ni habari nyingine kabisa, mishipa yake inapita nje ya lile ganda, haikuguswa, aliyekuwa nazo kabla kwa kawaida anabaki nazo, ingawa wapo wachache wanaolalamika zimepungua. Na wewe umeshajijibu juzi, jirani asikutie hofu. Ila ulikuwa na haraka kidogo mzee wangu, baada ya ile damu ni bora mkapumzika mpaka mkojo ukae safi wiki nzima. Mama naye umweleze, wengine wanadhani mume amemalizia nje.

Mionzi. Hili neno ndo linawachanganya watu, kwasababu tunasema mionzi ya leza na tunasema pia mionzi ya kutibu kansa pale Ocean Road, mtu anaona ni kitu kimoja. Leza ni mwanga, nguvu yake inaishia sehemu ndogo sana ya nyama, chini ya nusu milimita kwa leza ya holmiamu waliyokutumia, inakata na kuziba mshipa wa damu hapohapo. Haiachi mionzi mwilini, haisababishi kansa. Jambo la kweli ni hili lingine, kwamba kansa ya tezi dume mara nyingi inaanzia sehemu ya nje, yaani kwenye ganda, na ganda lako lipo. Kwahiyo operesheni haikukupa kansa lakini pia haikukukinga. Baada ya miezi 3 pima PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, siyo sasa hivi maana kidonda kitaipandisha utahangaika bure. Kwa waliotolewa nyama yote mara nyingi inashuka chini ya 1, hiyo namba iandike uitunze, ikianza kupanda miaka ya mbele muone daktari wa mkojo.

Nenda hospitali siku hiyohiyo, usisubiri asubuhi, ukiona mkojo umekataa kutoka kabisa na tumbo la chini linajaa, au mabonge ya damu, au homa inayozidi 38 na kutetemeka, au korodani imevimba na inauma. Na kwa kuwa umesafiri safari ndefu ya ndege siku chache baada ya operesheni, mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye kigimbi, au pumzi ikakata ghafla kifua kikachoma, hiyo ni dharura kubwa kuliko zote. Ukifika na mkojo umeziba, neno la kwanza mwambie mhudumu "nimefanyiwa tezi dume siku kadhaa zilizopita", asije akasukuma mpira kwa nguvu akatoboa pasipotakiwa, kawaida inatakiwa mpira mnene wa njia tatu unaoosha kibofu na mtu mwenye uzoefu. Jambo la mwisho ambalo siyo la leo wala kesho, kama baada ya miezi kadhaa mkojo uliokuwa unatoka vizuri unaanza kuwa mwembamba tena, rudi, inawezekana kovu limebana njia, linatibika.

Je, bora ungepasuliwa? Kwa gramu 110 uchaguzi wako halisi ulikuwa kati ya kuchanwa tumbo na kubanduliwa kwa leza. Kuchanwa tumbo kunatoa nyama ileile vizuri kabisa na hapa nyumbani kumeokoa wazee wengi, ila ungekaa na mpira karibu wiki, damu inapotea nyingi zaidi, una mshono wa tumbo. Ganda lingebaki kidonda vilevile, kumwaga kwa ndani vilevile. Hukukosea.

Mdogo wako ni suala tofauti na naomba asiuze shamba kabla hajajibu maswali kadhaa. Gramu 45 peke yake siyo hukumu, hatupasui namba ya altrasaundi. Je, mkojo umewahi kuziba? Figo zake zikoje? Ana mawe kwenye kibofu, damu kwenye mkojo, maambukizi yanayojirudia? Ukishakojoa kinabaki kiasi gani kibofuni? Amepima sukari? Maana kuamka usiku mara nyingi kunaweza kuwa ni kisukari siyo tezi. PSA na kipimo cha kidole, yaani daktari kuipapasa tezi kupitia njia ya haja kubwa, amefanya? Kama majibu ni mazuri na shida yake ni kuamka usiku na mkojo dhaifu, aanze na dawa. Tamsulosin inalegeza njia ndani ya siku chache, inaweza kumpa kizunguzungu akiinuka haraka na hata kumfanya amwage kidogo au kavu kama wewe. Finasteride inapunguza tezi yenyewe kama robo hivi lakini inataka miezi 6, inaweza kushusha hamu ya tendo, na inaishusha PSA karibu nusu kwahiyo kila anayempima lazima ajue anaitumia. Mbegu za maboga na zile chupa za redioni sijaona zikipunguza tezi, nimeona tu watu wanaofika kwangu figo zimeshavimba kwasababu walichelewa kwa kuzinywa.

Na dawa zikishindwa, kwa gramu 45 ipo operesheni ya kukwangua kwa njia ya mkojo kwa umeme, inaitwa TURP, inafanyika kwenye hospitali zetu kubwa miaka mingi na kwa tezi ya ukubwa huo matokeo yake yanakaribiana sana na ya leza. Leza inaizidi wazi pale tezi inapokuwa kubwa, au mtu anatumia dawa za kulainisha damu. Zaidi ya hapo mkono una uzito kuliko mashine, HoLEP ni ngumu kujifunza, daktari anahitaji kufanya wagonjwa kama 50 ndo mkono ukae, kwahiyo swali la kuuliza popote ni "umefanya wangapi", na swali la pili ambalo wewe umeshaliona uchungu wake, "nikirudi nyumbani damu ikitoka nampigia nani".

Mwambie wiki hii akapime altrasaundi ya figo na ya mkojo unaobaki, PSA, sukari na kreatinini ya kuangalia figo, majibu yote aje nayo kliniki ya mkojo. Shamba libaki kwanza.